Nimebinuka, kichwa bado kinauma, mashindano ni baada ya wiki tano: nirudi?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 27, naishi Igoma, Mwanza. Naendesha Subaru Impreza kwenye mbio za magari, huu ni msimu wangu wa tatu. Wiki saba zilizopita nilibinuka. Noti (maelezo ya barabara anayonisomea msoma ramani; namba ni ukali wa kona, ndogo ikiwa kali zaidi) ilisema 'kulia nne' mara baada ya kilima. Gari likateleza nyuma, tairi likagonga jiwe, tukaviringika mara tatu. Mtulinga wa kushoto ulivunjika. Hospitali walinipiga picha, wakanining'iniza mkono kwa kitambaa, wakasema kichwa kiko salama. Mpaka leo kichwa kinauma kila jioni, nikisoma simu napata kizunguzungu, na nameza panadol karibu kila siku. Msoma ramani wangu ameacha. Mdhamini hapokei simu. Fundi anasema kwa milioni nne atanyoosha bodi na kuchomelea keji (fremu ya mabomba inayotulinda gari likipinduka), wiki tatu gari liko tayari. Mashindano yajayo ni baada ya wiki tano. Mama hataki hata kusikia. Lakini Niki Lauda, yule bingwa wa Formula One, aliungua moto akarudi baada ya wiki sita. Mimi ni mfupa tu. Nikikosa haya naona ndoto imekufa. Je, nirudi? Gari nitengeneze au niliuze?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Nikuelewavyo, unaogopa kwamba ukikaa nje msimu mmoja utasahaulika, ndiyo maana kila jambo kwako sasa linapimwa kwa zile wiki tano. Jibu langu ni kwamba mashindano hayo usiende. Ndoto haijafa. Ila kichwa chako hakijapona, na kwa jinsi ulivyoeleza, gari nalo halitapona kwa namna anayoisema fundi.

Naanza na kichwa, ingawa wewe umekitaja kama jambo la pembeni.

Ulipobinuka ubongo ulitikisika ndani ya fuvu. Huo huitwa mtikisiko wa ubongo, na picha haiuonyeshi. Eksirei huonyesha mfupa. Kipimo cha CT huonyesha damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Kwa hiyo waliposema kichwa kiko salama huenda walikuwa sahihi kabisa kwa siku ile: hakuna mpasuko, hakuna damu. Hawakuwa wanasema kwamba ubongo haukutikisika. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi. Dalili zikipita mwezi mmoja inabidi daktari akuangalie upya, na wewe uko wiki ya saba. Kuna pia hali ya damu kuvuja taratibu chini ya fuvu, ambayo inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya ajali. Si lazima uwe nayo, lakini haikisiwi kwa kusimuliana kwenye simu. Nenda wiki hii kwenye hospitali yenye kipimo cha CT na daktari wa mishipa ya fahamu. Kwa aliyeko Mwanza, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa iliyo karibu. Ukianza kutapika, mkono au mguu wa upande mmoja ukiwa dhaifu, usingizi ukawa mzito kuliko kawaida, ukapata degedege au kichwa kikazidi kuuma siku hadi siku, usisubiri miadi. Nenda saa hiyohiyo, hata iwe usiku, na usiende peke yako.

Mweleze daktari habari ya panadol bila kuficha. Dawa za maumivu zikimezwa siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Mtu anaumwa kwa sababu ya dawa, anameza nyingine, anaumwa tena. Daktari atakusaidia kujitoa humo.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ubongo ambao haujapona, ukipigwa tena, huumia zaidi kwa pigo dogo zaidi, na kwenye mbio za barabara ya vumbi mapigo madogo hayana hesabu. Vilevile kizunguzungu unachopata ukisoma simu ndicho utakachopata macho yakihama kutoka barabarani kwenda kwenye dashibodi. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde linakula mita 28. Ukichelewa kuielewa noti kwa sekunde moja tu, umeshaingia konani.

Sasa Lauda. Aliungua Nürburgring, Ujerumani, tarehe 1 Agosti 1976, akakosa mashindano mawili, akarudi Monza, Italia, mwezi Septemba na kumaliza wa nne. Hilo ni kweli. Wanaolisimulia huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Mwezi Oktoba, kwenye mashindano ya mwisho Fuji, Japani, mvua ilipomwagika aliendesha mizunguko miwili akaliingiza gari gereji na kushuka. Ubingwa ukaenda kwa James Hunt kwa pointi moja, 69 kwa 68. Aliyerudi kwa wiki sita ndiye huyohuyo aliyeacha ubingwa kwa hiari kwa sababu aliona hali haifai. Akawa bingwa tena 1977, kisha akastaafu, akarudi, akawa bingwa mwaka 1984 kwa tofauti ya nusu pointi. Ukitaka kuiga kitu kwake, iga Fuji. Monza iache: majeraha yake yalikuwa ya moto na mapafu, na miaka ile elimu ya mtikisiko wa ubongo ilikuwa bado changa.

Mfano unaokufaa zaidi ni Robert Kubica wa Poland. Februari 2011, akiwa dereva wa Formula One aliyekwisha kushinda Canada mwaka 2008, alikwenda kushiriki mbio ndogo ya magari Italia. Reli ya pembeni ya barabara ikaingia ndani ya gari, mkono wake wa kulia ukakaribia kukatika. Yeye hakurudi ndani ya wiki sita. Alirudi kwenye mbio za magari za barabara ya vumbi na lami, gari likiwa limerekebishwa ili mkono wa kushoto ufanye kazi zaidi, na mwaka 2013 akachukua ubingwa wa WRC2, daraja la pili la mbio hizo duniani. Kiti cha Formula One alikipata tena 2019, miaka minane baada ya ajali. Mwaka 2025 akashinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Katika miaka ile yote alikuwa anaendesha kitu fulani, ila si kile alichokitamani kwanza.

Na Ott Tänak, dereva wa rally wa Estonia? Timu ilimwacha baada ya msimu wa 2012. Akarudi nyumbani kushindana ngazi ya taifa. Akapandishwa tena. Machi 2015, Mexico, gari lake liliacha njia likatumbukia ziwani na kuzama. Yeye na msoma ramani wake walitoka, gari likaopolewa, mafundi wakalikausha na kesho yake wakaendelea. Mwisho wa mwaka huo akashushwa tena timu ya pili. Mwaka 2016 nchini Poland alikuwa anaongoza mpaka tairi lilipopasuka mbio zikiwa zinaelekea ukingoni, akawa wa pili. Ushindi wake wa kwanza wa dunia ulikuja Sardinia 2017, na ubingwa wa dunia 2019. Zingatia kwamba kesho yake aliendelea kwa sababu aliyeumia siku ile alikuwa gari peke yake.

Hata hapa kwetu upande wa ziwa tunao. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, familia yake ikafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakahamia Kenya. Mwaka uliofuata alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, akiwa amelingana pointi za adhabu na mpinzani wake Harry Källström na kupewa ushindi kwa kigezo cha kuvunja usawa. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ajali mbaya ya Misri mwaka 1987 ndiyo iliyomtoa kwenye usukani, akahamia uongozi wa mchezo huu ngazi ya dunia.

Tuje kwenye kona yako, maana hapo ndipo pa kurekebisha.

Wengi wakibinuka husema "nilikosa ujasiri, nikaachia mafuta". Wengine huenda kwa fundi wakaomba springi ngumu zaidi. Kubinuka hakutokani na hayo. Gari likiteleza ubavu juu ya changarawe linaweza kuteleza mbali tu, likazunguka, likasimama, na wewe ukacheka. Linalolibinua ni tairi kuzuiwa ghafla wakati mwili wa gari bado unasafiri: jiwe, ukingo wa mtaro, au udongo laini unaolimeza tairi. Mkoa wetu una vyote. Kuna mawe ya matale yanayochomoza sentimita kumi tu kwenye majani, na ule udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hukatika mabonge magumu na masika humeza ringi nzima.

Ila swali la msingi ni kwa nini nyuma iliteleza. Umesema kona ilikuwa mara baada ya kilima. Gari likipita juu ya kilima huwa jepesi: uzito unaoyakandamiza matairi hupungua, na mshiko hupungua nao. Dereva akikata usukani wakati huo haoni kitu kikitokea, anaongeza usukani. Sekunde inayofuata gari linatua, uzito wote unarudi kwenye matairi ya mbele ambayo yamekatwa kupita kiasi, pua inashika kwa nguvu, nyuma inarushwa nje. Ukiwa na shokapu moja ya nyuma iliyokufa ni mbaya zaidi, kwa sababu tairi hilo linadunda badala ya kutua. Zifungue zote nne zikaguliwe kwa kuvuja mafuta kabla hujamlaumu mtu.

Tiba yake ni kumaliza breki kabla ya kilima, usukani ukiwa umenyooka, kuvuka kileleni kwa gesi kidogo, kusubiri gari likae, ndipo ukate. Ili ufanye hivyo noti lazima ikuambie mapema. "Kulia nne" haikukuambia kuna kilima, haikukuambia kama kona inafunga (inazidi kubana), haikukuambia kuna jiwe. Noti ya kona ile ingesomeka: "mita mia, breki kabla ya kilima, kulia nne inafunga tatu, jiwe nje". Ni maneno machache tu yaliyoongezeka.

Uandishi wa noti unaweza kuufanyia mazoezi bila gari la mashindano na bila kasi, kichwa kikishapona. Chukua gari la kawaida, tafuta barabara ya vumbi ndani ya Misungwi au Magu, nenda kilomita 40 kwa saa kama raia mwingine, andika noti huku simu ikirekodi kupitia kioo cha mbele. Mkifika nyumbani, mmoja aangalie video, mwingine asome. Kila mahali ambapo macho yanaona kitu ambacho noti haijasema, sahihisha. Kisha rudini mkapite mara ya pili, kwa sababu mashindano mengi hukuruhusu kupita mara mbili tu kuandika. Kasi usiijaribu barabarani. Njia hizo zina ng'ombe, bodaboda na watoto wa shule, na kukimbiza gari humo ni kosa. Kasi ijaribiwe kwenye eneo lililofungwa, kwa kibali cha mwenye eneo, gari la wagonjwa likiwepo.

Gari sasa. Fundi wako anaweza kuwa hodari wa kunyoosha bodi za magari ya kawaida, simdharau. Lakini bodi iliyoviringika mara tatu ni habari nyingine. Mwombe futi, fungua boneti na buti, pima kwa mshazari: kutoka boliti za juu za shokapu ya mbele kushoto mpaka za nyuma kulia, kisha kinyume chake. Pima vilevile mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Tofauti ya milimita tano au sita kati ya mishazari miwili si ya kupuuza. Angalia nguzo za kioo cha mbele na mahali zinapokutana na paa. Mikunjo ya rangi hapo ina maana chuma kimejikunja. Fungua na kufunga milango yote bila kuilazimisha. Bodi iliyopinda ikivutwa itaonekana imenyooka, lakini chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kimeshatumia sehemu ya uwezo wake wa kupokea pigo, na alaimenti haitatulia.

Keji ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, upinde mkuu nyuma ya viti hutengenezwa kwa bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kila mguu wa upinde unaofungwa kwa boliti hukaa juu ya bamba la unene usiopungua milimita tatu na eneo la sentimita za mraba 120, kwa boliti tatu za M8 za daraja 8.8 kwenda juu. Bomba lililopinda halinyooshwi. Keji yenye cheti haichomelewi kiraka na gereji yoyote. Matengenezo ni ya aliyeitengeneza au kwa idhini yake, vinginevyo cheti kinakufa. Kama keji yako haina cheti, toa boliti za mguu mmoja na, kama mdomo wa bomba uko wazi, uchungulie ndani kwa tochi. Ukiona mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, huo ni mshono, na hilo huenda ni bomba la maji la dukani. Keji ya namna hiyo usikae ndani yake tena, hata kama ilikuokoa mara hii.

Mikanda ibadilishwe yote, ya kwako na ya msoma ramani. Kanuni inataka hivyo baada ya mgongano mkubwa, kwa sababu nyuzi zikishavutika hazirudi, ingawa kwa macho ziko sawa. Helmeti iliyogonga keji nayo imemaliza kazi. Usiviuze kwa kijana mwingine. Kata mikanda katikati ndipo uitupe.

Hapo utaona milioni nne zinanunua gari linalong'aa tu. Njia ambayo ningeipendekeza ni kutafuta bodi tupu ya mtumba ya aina hiyohiyo, iliyonyooka, ukahamishia injini, gia boksi, difu na waya, kisha keji mpya. Kwa gereji ndogo hiyo ni miezi miwili mitatu, na fedha ni zaidi ya milioni nne. Bodi mpya ina namba yake ya chesi, kwa hiyo usajili lazima ufuate utaratibu. Fundi akikuambia atakata namba ya zamani aihamishe, kataa, hilo litakufikisha polisi. Kabla ya kulipa chochote, mtafute mkaguzi wa magari ya mashindano kupitia chama cha magari, AAT, alione gari kwa macho. Nauli yake itakuwa ndogo kuliko kosa.

Kama fedha hiyo ingekuwa ya mkopo, basi uza: injini, gia boksi na shokapu kila kimoja peke yake vitakupa zaidi ya gari zima lililopinda. Kisha rudi na gari dogo la magurudumu mawili yanayovuta. Madereva wengi hulidharau daraja hilo, nami naona wanakosea. Gari lisilo na nguvu nyingi halikusamehe ukikosea mstari wa kona, na tairi, mafuta na spea zake ni nafuu, kwa hiyo kwa fedha ileile utapata kilomita nyingi zaidi za mashindano. Njia nyingine ni kukaa kiti cha msoma ramani wa dereva mwingine msimu mmoja. Utajifunza noti kuliko popote. Lakini kiti hicho hupokea mapigo yaleyale, kwa hiyo nacho kinasubiri ruhusa ya daktari.

Mtulinga kwa mtu mzima huchukua kama wiki sita hadi kumi na mbili kuungana. Jambo ambalo daktari wa mifupa asiyejua mchezo huu anaweza asilifikirie ni kwamba kola ya HANS (ile ya kulinda shingo) na mikanda ya mabega hukaa juu ya mfupa huohuo. Mpelekee hiyo kola na mkanda uvae mbele yake, abonyeze aone. Akikuruhusu kurudi kazini hajakuruhusu kushindana; muulize swali la pili waziwazi.

Kuhusu msoma ramani wako: umeandika ameacha, hujaandika kama alipimwa. Naye aliviringika mara tatu. Mpigie leo, si kwa ajili ya kumrudisha, bali umuulize kichwa chake kikoje na usingizi anaupata. Mkae mzungumze kona ile, noti mkononi, bila kutafuta mkosaji. Akiamua kutorudi, hiyo ni haki yake. Wewe mwenyewe, kama ajali inakujia ndotoni, au unashtuka ukiwa abiria tu kwenye daladala likifunga breki, na imepita mwezi, mwambie daktari hilo pia. Hospitali kubwa zina wataalamu wa saikolojia, na madereva wa juu kabisa huwatumia.

Mama usimshawishi kwa maneno. Nenda naye kwa daktari, amsikie mwenyewe akisema lini na kwa masharti gani. Huenda bado atakataa, na ana sababu, lakini atakuwa anakataa kitu anachokijua.

Mdhamini usiendelee kumpigia. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja: gari liliacha njia wapi na kwa sababu gani, nani aliumia, nini kinabadilishwa kwenye noti na kwenye keji, mwezi gani daktari anatarajia kukuona tena. Tangulia na ripoti, ombi lije baadaye. Wenye maduka ya spea, vituo vya mafuta na viwanda vya samaki hapo Mwanza wanaogopa jina lao kuonekana kwenye gari lililopinduka lisilo na maelezo. Na akikujibu kwamba fedha hana ila anaweza kutoa matairi manne au pipa la mafuta, pokea, andikishianeni.